Umetii au Umeogopa?

Alhamisi jioni jumuiya yetu ilikutana Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, nyumbani kwa mzee mmoja mvuvi. Ukikaa mlangoni kwake unaliona ziwa lote, na hewa ikiwa safi unaiona na milima ya Kongo ng'ambo. Mitumbwi ilikuwa imevutwa juu ya mchanga na kulazwa kifudifudi. Chini ya mmoja, kuku wa jirani alikuwa ameshaanza kuatamia. Ulikuwa mwezi wa sita, 2024, na ziwa lilikuwa limefungwa, kuvua marufuku.

Zamu ya kufundisha ilikuwa yangu. Somo lilikuwa Warumi 13, kutii mamlaka. Sikulichagua, ratiba ndiyo iliyolileta, ingawa baadhi ya wavuvi waliniangalia kama vile nimetumwa na serikali.

Nilisoma, nikaeleza, nikauliza kama kuna swali. Kwa kawaida hapo huwa kimya, mtu anakohoa, tunaimba. Safari hii mwenyeji wetu akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, nyavu zangu ziko darini. Taa nimezifungia stoo. Injini nimeifunika turubai. Nikuulize: doria isingekuwepo, ungenikuta hapa?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Sasa mbele za Mungu, mimi nimetii au nimeogopa?"

Nikamwambia Mungu ndiye ajuaye mioyo. Ni jibu ambalo kila mwalimu wa Biblia huwa nalo akiba, hasa inapokaribia saa mbili usiku. Tukaimba, tukafunga kwa sala, tukala mihogo na chai, tukatawanyika.

Swali lile likanifuata mpaka nyumbani, likakaa.

## Amri iliyokuwa na sababu

Ingekuwa rahisi kama amri yenyewe ingekuwa ya kipuuzi. Haikuwa hivyo. Ziwa Tanganyika lilipumzishwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Na hakuna mvuvi wa umri wa yule mzee ambaye hajui kwamba samaki wamepungua. Dagaa si wale, migebuka si ile, na kuhe siku hizi unamwona kwenye sahani ya mgeni rasmi. Wataalamu wanaongeza jingine: maji ya juu yamepata joto, na ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470 likipata joto juu tu, maji ya chini hayapandi kuja kuchanganyika nayo, na rutuba inayolisha samaki inabaki huko huko kilindini. Jumlisha nyavu za matundu madogo na mitumbwi isiyoacha kuongezeka.

Mzee mwenyewe aliyasema hayo kwenye mkutano wa mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kabla hata ofisa hajamaliza kueleza. Alikubaliana na amri. Na bado hakuwa na hakika kama anaitii.

Hilo ndilo lililonichanganya. Siku zote nilidhani ugumu wa utii ni pale mtu asipokubaliana na anachoamriwa.

Kuna jambo nimeliona tangu utoto bila kulifikiria. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukipevuka taa inakosa nguvu, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu na kudaiana. Kila mwezi inakuwa hivyo. Hakuna boti ya doria inayowarudisha, na sijapata kusikia mvuvi aliyeingia majini kwenye mbalamwezi kwa ajili tu ya kuonyesha kwamba yeye hatawaliwi. Mwezi wanautii kwa sababu wameshauona ukisema kweli, tangu kwa babu zao.

Amri inayotoka ofisini haijapata muda huo. Inamtaka mtu aamini samaki ambao hawajazaliwa.

Na haiumi watu wote sawasawa. Tajiri mwenye mitumbwi mitano huwa ana duka pia, au nyumba ya kupangisha kule Mwanga mjini. Vijana wanaovua kwa mgao, siku wasipoingia majini hawana mgao. Na akina mama wa dagaa je? Wale wanaonunua dagaa wabichi alfajiri mtumbwi unapofika, wakawatandaza kwenye mchanga na kwenye chanja, wakainama kuwageuza kwa ufagio, wakitazama juu kila dakika kama wingu linakuja. Wengi wao wanachukua mkopo wa kikoba kununua mzigo. Ziwa lilifungwa. Marejesho ya kikoba hayakufungwa.

Nilikuwa na picha hizo kichwani nilipokuwa nikisoma "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu", na nadhani sauti yangu ilisikika hivyo.

## Guu

Mimi ni mwanamke wa Kigoma, niliyelelewa kanisani. Utii nimefundishwa kabla sijajua kusoma. Kumtii baba, kumtii kaka hata akiwa amekosea, kumtii mwalimu, mchungaji, na baadaye mume. Efeso 5 nimeisikia ikisomwa kwenye kila harusi, na mara nyingi inaanzia mstari wa 22, ule wa wake, huku wa 21, unaosema tunyenyekeane sote, ukiachwa nyuma kama abiria aliyechelewa treni. (Hilo nitaliandikia siku yake. Linastahili.)

Shuleni nako tulikariri: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilipoanza kulifikiria swali la mzee, methali hii ndiyo iliyokuja kwanza, na ndipo nilipoona kwamba yote niliyofundishwa kuhusu utii yalikuwa na guu ndani yake. Usipotii, kuna kitakachovunjika. Fimbo, laana, kufukuzwa, moto wa milele. Sikumbuki mtu aliyewahi kuniambia: tii, hata kama hakuna atakayekuona na hakuna kitakachovunjika.

Paulo anasema. Iko palepale, sura ya 13, mstari wa 5: "Kwa hiyo ni lazima kutii, si kwa sababu ya ile ghadhabu tu, ila na kwa sababu ya dhamiri." Nimefundisha sura hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara nilikuwa nikiupita mstari huo mbio ili nifike kwenye kodi, maana kodi ndiyo inayozua mjadala.

Paulo hamdharau mtu anayeogopa. Mwenye mamlaka ana upanga, anasema, na hauchukui bure. Hofu ipo na ina kazi yake. Asilolikubali ni mtu kuishia hapo. Kwa hiyo mzee hakuwa amefanya dhambi kwa kuogopa doria. Alikuwa amefika mlangoni na anauliza kama kuna chumba ndani.

Nilitamani kuishia hapo. Lingekuwa somo zuri la dakika ishirini. Lakini kulikuwa na jambo jingine, ambalo mtu wa mkoa huu hawezi kulizunguka.

## Biblia zao zilikuwa na Warumi 13

Kigoma ni mkoa wa wakimbizi. Warundi walikuja 1972, wakaja 1993, wakaja tena 2015. Wakongo walikuja 1996, na kwa ajili yao ikafunguliwa Nyarugusu, kule Kasulu. Karibu kila kanisa huku lina muumini ambaye ushuhuda wake una msitu, usiku, na mtoto aliyeachwa njiani. Tumezoea kuwaombea. Hatujazoea kuwauliza walikimbia nini hasa.

Na Rwanda, 1994, haikuwa mbali. Nchi ile ilikuwa ya Wakristo kwa sehemu kubwa mno. Watu waliitwa na viongozi wao, wa wilaya, wa vijiji, wakaambiwa kuna kazi ya kufanya. Kuua ndiko kulikoitwa kazi. Na wengi wakaenda, wengine kwa chuki, wengine kwa hofu, wengine kwa sababu tu kiongozi amesema. Waliokimbilia makanisani waliuawa humo humo. Ntarama na Nyamata makanisa hayo yamehifadhiwa mpaka leo kama kumbukumbu.

Biblia zao zilikuwa na Warumi 13.

Sina namna ya kuupamba ukweli huo. Mtu akisimama mbele ya jumuiya ya Kigoma akafundisha "tii mamlaka" bila kuligusa hili, anafundisha nusu, na nusu hiyo inaweza kuua. Nilikaa na hilo jioni nyingi nikifikiri pengine niache kabisa kulifundisha somo hili. Kuna marafiki wa kanisani walioniambia nisijisumbue: "Dada, wewe fundisha upendo." Kana kwamba upendo hauna maamuzi.

Kilichonirudisha ni kuangalia nani aliyeandika, na akiwa wapi. Barua kwa Warumi iliandikwa wakati Nero akiwa ametawala miaka michache tu. Na wasomaji wake wa kwanza walikuwemo Wayahudi waliowahi kufukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari aliyemtangulia, Klaudio. Akila na Prisila wametajwa kwenye Matendo 18 kama watu waliohama kwa sababu ya amri hiyo, na Paulo anawasalimu kwenye sura ya mwisho ya barua hii hii. Kwa hiyo hakuwa akiwaandikia watu wasiojua serikali inaweza kufanya nini. Waliwahi kufungasha virago kwa amri ya serikali hiyo hiyo.

Tena huyu Paulo, nenda Matendo 16. Filipi wamemchapa viboko hadharani yeye na Sila, bila kesi, wakawatupa gerezani. Asubuhi wakubwa wa mji wanatuma watu: waacheni waende zao. Mtu wa utii tuliofundishwa angeshukuru Mungu, akaondoka kimya kimya. Paulo anakataa. Sisi ni raia wa Rumi, mmetupiga bila hukumu mbele za watu, sasa mnatutoa kwa siri? Waje wenyewe watutoe. Na wakubwa wakaja, wakawasihi.

Baadaye, alipoona hatatendewa haki, akakata rufani kwa Kaisari.

Mtu aliyeandika Warumi 13 hakuona shida kumwambia mwenye mamlaka: hapa umevunja sheria yako mwenyewe, njoo hapa.

## Wa mchana na wa usiku

Kuna Petro pia. Huyu alikuwa mvuvi, na wenzake wa Kibirizi wanampenda kwa hilo. Petro ndiye aliyeandika kwamba tutii kila kinachoamriwa na watu, kwa ajili ya Bwana. Petro huyo huyo ndiye aliyesimama mbele ya baraza akasema: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu."

Nimesikia wahubiri wakichagua Petro mmoja na kumwacha mwingine, kutegemea nani ameketi kiti cha mbele siku hiyo.

Nilipowasoma wote wawili pamoja, nikaona kitu ambacho labda ninyi mlishakiona zamani. Petro alipokataa amri, alikataa mchana. Alikuwa hekaluni, mahali ambapo kila mtu angemwona, tena asubuhi baada ya kutolewa gerezani. Walipokuja kumkamata akaenda nao. Walipomchapa, hakukimbia wala hakurusha jiwe. Akatoka hapo akaendelea kuhubiri.

Sasa mlinganishe na anayezima taa, anapiga kasia taratibu ili injini isisikike, anakwenda kuvua ziwa likiwa limefungwa. Akikamatwa anasema watoto wanalia njaa. Pengine ni kweli wanalia. Lakini hakuwa akimwambia mwenye mamlaka kwamba amri hii ni mbaya. Alikuwa akitegemea wengine waitii ili yeye apate zaidi.

Wakunga wa Kiebrania walimdanganya Farao, najua, na mtu mmoja kwenye jumuiya alinibana kwa hilo. Shifra na Pua hawakwenda kutangaza. Waliokoa watoto kwa siri na wakaulizwa wakatoa hadithi. Nakubali. Aliyemficha jirani yake mwaka 1994 naye alifanya usiku, na nisingethubutu kumwambia angefanya mchana. Kwa hiyo giza peke yake si kipimo. Ila wakunga walijiweka hatarini ili mtoto wa mtu mwingine aishi. Mvuvi wa kuibia anauweka hatarini mgao wa wenzake ili yeye apate ndoo mbili. Nikikiangalia kipimo hiki naona kinashika sehemu kubwa. Si yote.

## Wakubwa wasio na mkubwa

Ningeweza kuzungumzia serikali mpaka kesho, na kanisa lingeitikia amina. Kinachouma zaidi kiko ndani.

Kuna kanisa moja mkoani kwetu, silitaji, ambako waumini walichangia bati kwa muda mrefu. Bati halikuonekana. Kijana mmoja wa kwaya akauliza, kwa adabu, baada ya ibada, kama hesabu zinaweza kusomwa. Jumapili iliyofuata mahubiri yakawa "Msiwaguse masihi wangu". Kijana hakutajwa jina. Hakukuwa na haja. Kanisa zima liligeuza shingo.

Mama yake ni rafiki yangu. Ndiye aliyenipigia akilia: mwanangu amemgusa mpakwa mafuta, sasa itakuwaje?

Nikaufungua mstari huo. Ni Zaburi 105. Ningewaomba msome kuanzia mstari wa 12, msiniamini mimi. Zaburi inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wakati walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hili kwenda lile bila ardhi wala jeshi. Mungu hakumwacha mtu awaonee, akawakemea wafalme kwa ajili yao. Anayeambiwa "msiwaguse" ni mfalme. Wanaolindwa ni wale wasio na kitu.

Mstari wa kumzuia mkubwa asimwonee mnyonge ulikuwa umegeuzwa na kuelekezwa kwa mvulana wa kwaya.

Tangu hapo namkumbuka sana yule akida wa Mathayo 8, ambaye mtumishi wake alikuwa mgonjwa. Tunamsifia kwa imani yake, lakini angalia anavyojieleza kwa Yesu. Anaanza kwa kusema yeye ni mtu aliye chini ya mamlaka. Ndipo anasema ana askari chini yake, akimwambia huyu nenda, anakwenda. Anaamuru kwa sababu naye anaamriwa. Na barua kwa Waebrania, inapotutaka tuwatii wanaotuongoza, inatoa sababu papo hapo: wanakesha kwa ajili ya roho zetu, kama watu watakaotoa hesabu. Kiongozi asiyetaka kuulizwa habari za bati amejiondoa mwenyewe kwenye sentensi hiyo.

Waswahili husema mkubwa ni jalala. Sijaona mahali Biblia inapopinga.

Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta bila kukijua tangu ile Alhamisi. Sina tena shida na kutii. Ninachouliza kwanza ni hiki: wewe unayeniamuru, uko chini ya nani, na ninaweza kukuona ukitii? Daudi alikuwa mfalme, na Nathani aliingia kwake akamwambia "Wewe ndiwe mtu huyo", akatoka akiwa hai. Ufalme wa namna hiyo naweza kulala ndani yake.

Na Kristo mwenyewe. Waebrania 5 inasema, ingawa ni Mwana, "alijifunza kutii kwa mateso hayo yaliyompata". Zamani mstari huu ulinisumbua, maana ajifunzeje yeye? Siku hizi unanituliza. Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe, akarudia, akarudia tena, na hakuna aliyemwambia kwamba kuuliza ni uasi. Tena tunayeambiwa tumtii naye amewahi kuwa upande huu wa amri.

## Injini

Nilimrudia mzee mwezi wa saba. Nilikuwa na majibu yangu yote, nimeyaandika kwenye daftari. Nikamkuta anapaka mtumbwi lami kwenye maungio, amekaa kwenye kigoda, moshi wa kibati unamwingia machoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na lile jibu?"

Kabla sijafungua daftari akanisimulia lake. Vijana wawili waliokuwa wakivua kwake walimjia usiku. Walitaka injini, ya kuazima tu, usiku mmoja. Wana habari kwamba doria imeelekea kusini. Wangemletea fungu lake kabla hakujapambazuka, na hakuna ambaye angejua.

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia injini haitoki."

Nikasubiri aongeze. Hakuongeza. Akachovya mti kwenye lami, akapaka, akafuta ukingo kwa kitambaa. Nikamuuliza kama aliogopa wangekamatwa wakamtaja.

"Hapana. Doria kweli ilikuwa imeondoka, hata mimi niliiona ikipita." Akafikiri. "Unajua mimi ndiye niliyesimama kwenye mkutano nikasema samaki wamekwisha. Niliyasema mbele ya watu. Sasa niseme hivi mchana, usiku nitoe injini? Vijana hawa wangenionaje?"

"Kwa hiyo ulitii."

"Sijui. Niliona aibu."

Kisha akanigeukia, na hapo sauti ikabadilika. Akasema amri ni nzuri lakini hawakumhesabu mkewe. Mkewe ni wa dagaa. Alikopa mwezi wa nne, hajui kama ziwa litafungwa mwezi wa tano, na kikoba kimeshachukua cherehani yake. Akaniuliza kama hilo nalo limo kwenye Warumi 13.

Nikamwambia limo kwenye Matendo 16. Akaniambia nimsomee. Nikasoma kuanzia viboko mpaka wakubwa wa mji wanapokuja wenyewe mlangoni, na mkewe akatoka jikoni akasimama na mwiko mkononi mpaka nilipomaliza.

"Kumbe," akasema mama.

## Barua

Kilichotokea baada ya hapo hakikuwa cha kwangu. Akina mama wa dagaa, wa kwetu na wa makanisa mengine, pamoja na Waislamu wawili ambao ndio walioandika kwa mwandiko mzuri, walikaa wakatunga barua ya kupeleka ofisi inayohusika na uvuvi. Ilikuwa na maombi mawili. Ziwa likifungwa tena, watangaziwe mapema kabla ya msimu wa kukopa. Na katika kuhesabu wanaoishi kwa ziwa, wahesabiwe na wao, kwa sababu kwenye mikutano ya mwalo wanaoitwa ni wenye mitumbwi.

Barua ilisema wazi kwamba hawapingi ziwa kupumzishwa. Hilo walibishana sana. Wengine walitaka liondolewe, wakasema likibaki watadharauliwa. Mama mwenye mwiko ndiye aliyeshikilia libaki.

Mzee mmoja wa kanisa alikataa jina la kanisa kutajwa humo. Akasema Mkristo hapeleki malalamiko serikalini, anapiga magoti. Hakuwa na ubaya. Nina hakika alipiga magoti kweli. Nikamsomea habari za Filipi. Akasema Paulo alikuwa mtume. Nikasema hakudai kama mtume, alidai kama raia. Akanyamaza, lakini jina la kanisa halikuwekwa, na akina mama wakasema haidhuru, wanaokausha dagaa ni wao na si kanisa.

Ziwa likafunguliwa katikati ya mwezi wa nane. Siku zile za kwanza kila mtu alikuwa mwaloni na hakuna aliyekuwa na muda wa barua wala wa Warumi. Yule kijana wa kwaya amehamia kanisa jingine, mama yake amebaki kule kule, na bati bado.

Barua ilipelekwa mchana, na watu saba, kwa miguu. Walipewa nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na iko kwa katibu wao ndani ya mfuko wa plastiki. Jibu halijaja. Jumatatu wanakwenda kuuliza, na wameniomba niwasindikize.